Mwizi wa Moja katika Kumi

Mama Tangi alikuwa na siku mbili mahabusu, tena kwa kukiri mwenyewe, na mafuta bado yalikuwa yanaibwa.

Inspekta aliisoma karatasi ya meneja wa kiwanda akiwa amesimama, akaisoma tena, kisha akakaa akaisoma mara ya tatu, kana kwamba kukaa kungesaidia. Jana tangi lilitoa lita elfu thelathini na tisa na mia sita za mafuta ya kupikia. Chumba cha kujazia chupa kilipokea lita elfu thelathini na tano na mia nane. Kati ya tangi na chupa hakuna kitu isipokuwa bomba moja la chuma, refu mita mia moja na kumi, linalokatiza uani mbele ya macho ya kila mtu. Lita elfu tatu na mia nane zilikuwa zimeingia humo zikapotelea humo.

"Ana mwenzake huko," Koplo alisema. Koplo alikuwa amebakiza miezi minne kustaafu na hakupenda kesi yenye maswali. "Yeye yuko ndani, mwenzake anaendelea na kazi."

"Wewe mwenzako akikamatwa, kesho yake unaenda kuiba palepale?"

"Mimi siibi, afande."

"Najua huibi. Nauliza kama ungekuwa unaiba."

Koplo akafikiri. "Ningeenda kwa shangazi yangu nikae hata mwezi."

Inspekta akalifungua jalada. Lilikuwa jembamba kwa kesi ya mafuta mengi kiasi kile. Kwanza ilikuwa taarifa ya vibanio, ndivyo wafanyakazi walivyoviita vile vifaa vipya vilivyofungwa juu ya bomba wiki tano zilizopita, jozi moja karibu na tangi na jozi nyingine mlangoni mwa chumba cha chupa, vikihesabu mafuta bila kulitoboa bomba. Pili, maelezo ya msimamizi wa chumba cha chupa, ambaye kiwandani kote hujulikana kwa jina la Chupa, na ambaye ni mdogo wake Mama Tangi, tumbo moja. Tatu, maelezo ya Mama Tangi mwenyewe, mpima mafuta ya tangi, mistari miwili: Nilichukua mimi. Nilikuwa peke yangu.

Mistari hiyo miwili ndiyo iliyomchanganya. Lita elfu tatu na mia nane ni mapipa kumi na tisa, kila siku ya kazi. Mwanamke wa miaka hamsini na nne, ambaye magoti yake humfanya ashuke ngazi kinyumenyume, aliyabeba vipi na kuyapitishia wapi? Alipoulizwa alijibu, "Niliyachukua tu." Mkuu wa kituo akasema kukiri ni kukiri. Saa tisa mchana wa leo mama huyo alitakiwa kusimama mbele ya hakimu na kurudia maneno yake. Akiyarudia ni gereza, miaka si miezi, na atakayekuwa amempeleka ni Inspekta.

Akaenda kumwona kabla ya kwenda kiwandani. Mama Tangi alikuwa amekaa kwenye benchi, amenyoosha miguu, mtandio umekunjwa vizuri kando yake.

"Mama, umelalaje?"

"Nimelala, afande. Nashukuru."

"Jana mafuta yamepotea tena."

Mama Tangi aligeuka polepole. "Jana? Mimi nikiwa humu?"

"Ndiyo. Lita karibu elfu nne."

"Hata jana," alisema mama yule, na uso ukamwiva kwa hasira. "Hana hata aibu."

"Nani hana aibu?"

Mama Tangi akauchukua mtandio, akaukunjua, akaukunja upya.

"Mimi," alisema. "Nasema mimi sina aibu. Niandikie hivyohivyo."

Inspekta alitoka mle akiwa ameelewa kidogo kuliko alivyoingia.

Kiwanda kile kilikuwa kisafi kupita kiasi. Kuta nyeupe, ngazi za kijani, mabomba ya bluu, hata mawe yaliyopanga njia yalikuwa yamepakwa nyeupe moja na nyekundu moja. Mlinzi wa getini alimweleza Inspekta sababu bila kuulizwa. Kila mwaka, wiki mbili kabla ya mwenye kiwanda kuja kukagua, kila kisichotembea hupakwa rangi mpya. Rangi ya zamani haikwanguliwi, kwa kuwa kukwangua kunachukua muda na mwenye kiwanda hakagui chini ya rangi.

"Usisimame sana hapo, afande," mlinzi alisema. "Utapakwa na wewe."

Meneja aliwapokea kwa furaha ya mtu aliyekwisha kushinda. "Siku za mwizi ni arobaini," alisema. "Huyu wetu tumemkamata ya thelathini na tatu."

"Na jana je?"

"Jana ni washirika wake. Wabane tu, watasema."

"Kabla ya vibanio mlikuwa mnapima vipi?"

"Kwa kijiti. Mama Tangi anapanda juu ya tangi asubuhi na jioni, anatumbukiza kijiti, anaandika." Alimsogezea daftari lenye jalada lililolowa mafuta. "Na huo ndio ushahidi mwingine. Angalia. Siku vibanio vinasema zimetoka elfu thelathini na tisa na ushee, yeye kijiti chake kinasema thelathini na tano na ushee. Amepunguza ili zilingane na chupa. Ana akili yule mama."

Inspekta alilinganisha safu moja na nyingine kwa kidole. Kweli kijiti kililingana na chupa kila siku, karibu sawa kabisa. Kilichotofautiana na vyote viwili ni vibanio vya tangini peke yake. Lakini daftari la mshtakiwa haliwezi kumtetea mshtakiwa, na tangi lenyewe siku hiyo lilikuwa linajazwa upande mmoja huku likimwagwa upande wa pili, kwa hiyo hata akipanda yeye na kijiti chake asingethibitisha kitu. Aliomba karatasi za wiki zote tano, akazikunja, akazitia kwapani.

"Sasa tulifuate bomba," alimwambia Koplo.

Walilifuata hatua kwa hatua, Koplo upande huu, yeye upande ule. Lilikuwa nene kama paja la mtu mzima, la bluu, limekaa juu ya vyuma vifupi. Hakukuwa na unyevu chini, wala doa, wala alama ya kuchomelewa. Katikati ya uwanja ndipo walipokuta tawi: bomba dogo lililoshuka kuelekea mfereji, na mdomoni mwake vali yenye kufuli.

Koplo alichuchumaa kwa furaha. "Hapa. Si nilikwambia? Na mdogo wake mwenyewe ameandika kwamba ufunguo wa bomba la chini anao dada yake peke yake."

Inspekta naye alisisimka. Alitoa ufunguo uliokutwa kwenye mkoba wa Mama Tangi siku ya kukamatwa, akauingiza kwenye kufuli. Haukuingia. Akapuliza, akajaribu tena, akawasha tochi ya simu. Tundu lote la ufunguo lilikuwa limezibwa na rangi ya bluu, ngumu na laini juu, haina hata mkwaruzo. Waliopaka walikuwa wamepitisha brashi juu ya kila kitu, kufuli ikiwamo.

"Walipaka lini mara ya mwisho?" alimuuliza mfagiaji aliyekuwa anapita na toroli.

"Mwezi wa tatu."

Sasa ulikuwa mwezi wa saba. Koplo alisimama, akajipangusa magoti, akasema kwamba yeye alikuwa anasema tu.

Chupa waliyemkuta kwenye chumba cha kujazia alikuwa mwanamume wa miaka arobaini hivi, kofia nyeupe kichwani, macho mekundu ya mtu asiyelala. Nyuma yake chupa zilikuwa zinapita kwenye mkanda zikigongana. Aliwapeleka pembeni, penye kelele kidogo.

"Uliandika kwamba ufunguo anao dada yako peke yake," Inspekta alisema.

"Ndivyo ilivyo."

"Ukaandika pia kwamba umemwona mara mbili akibaki tangini peke yake wenzake wakishaondoka."

"Ndiyo. Alibaki."

"Ulijua ukiandika hivyo tutamkamata."

Chupa alivua kofia. "Afande, niliulizwa na meneja, nikajibu nilichoulizwa. Sikusema ameiba."

"Lakini ulidhani ameiba."

"Wewe ungedhani nani? Mafuta yanatoka kwake, kwangu hayafiki. Bomba lina ncha mbili. Yeye yuko ile, mimi niko hii. Mimi najua sikuiba." Alitazama mkanda wa chupa. "Nisingesema wangenikamata mimi. Nina watoto watatu. Na yeye amekiri, si amekiri? Basi nilikuwa sahihi."

Hakulisema kwa ubaya. Alilisema kama mtu anayetaka mtu mwingine akubaliane naye, na Inspekta hakukubali wala hakukataa.

Alitoka nje, akazitandaza zile karatasi juu ya pipa tupu, akazikandamiza kwa mawe yaliyopakwa rangi ili upepo usizichukue. Akaanza kugawa kwa kalamu. Siku ya kwanza, moja katika kumi ilipotea. Siku ya pili, moja katika kumi. Jumamosi, siku ya nusu zamu, mafuta yaliyotoka yalikuwa nusu, na yaliyopotea nusu vilevile. Ya kumi na saba umeme ulikatika tangu asubuhi, pampu haikuzunguka, na siku hiyo hakikupotea kitu.

"Koplo, njoo unisaidie. Mwizi gani huyu, umeme ukikatika na yeye anapumzika?"

"Labda anatumia pampu yao."

"Na Jumamosi? Kwa nini achukue nusu? Nani alimwambia leo ni nusu zamu, chukua kwa kiasi?" Alijikuna kichwa kwa kalamu. "Mimi nimekamata wezi miaka kumi na tisa. Kuna siku mwizi anakuwa na tamaa, siku anaogopa, siku anaumwa. Huyu haumwi. Anachukua moja katika kumi kama anayegawa chakula cha wanafunzi."

"Basi labda si mtu," Koplo alisema, na palepale akajutia kusema, maana Inspekta alimkazia macho muda mrefu bila kupepesa.

"Niitie fundi aliyefunga hivyo vibanio," alisema hatimaye.

Fundi alifika saa tano na nusu, begi begani, amekasirika kidogo. Alidhani anaitwa kulaumiwa. Inspekta alimwambia hamlaumu, anataka tu aonyeshwe kazi ilivyofanyika tangu mwanzo, kama anayemfundisha mtu asiyejua kitu, na hapo hasira ikamtoka. Hakuna fundi asiyependa kuulizwa hivyo.

"Hivi viwili ni kama watu wawili wanaitana," alisema, akigusa vile vibao viwili vidogo vilivyofungwa kwa mkanda wa chuma ubavuni mwa bomba, hatua chache kutoka tangini. "Huyu anapiga sauti, sikio lako haliisikii. Sauti inapenya chuma, inavuka mafuta, inafika kwa huyu. Kisha huyu anamjibu yule. Inayokwenda na mkondo inawahi, inayokwenda kinyume inachelewa. Mashine inapima tofauti hiyo, inajua mafuta yanakwenda kasi gani."

"Kwa nini umeviweka ubavuni, si juu? Juu ni rahisi kufikia."

"Juu ndiko hewa inakokaa. Sauti ikikuta povu la hewa inapotea. Na nimekaa mbali na kona na mbali na pampu, mafuta yawe yametulia. Nikakwangua rangi hapa na hapa mpaka chuma king'ae, nikapaka jeli kusiwe na hewa katikati, nikakaza. Kazi yangu safi, afande."

"Naiona." Na ni kweli ilikuwa safi. "Mashine inajua kasi. Itajuaje ni lita ngapi?"

"Lazima uiambie bomba lina upana gani. Bomba jembamba na bomba nene, kasi ileile, lita tofauti."

"Uliiambiaje?"

Fundi alitoa begini futi laini ya kitambaa, ile ya mafundi cherehani, akaizungusha kwenye bomba kama anayempima mtu kiuno. "Unapima mzunguko, unagawa, unapata upana wa nje. Unatoa unene wa chuma. Basi."

Inspekta aliitazama futi ile. Ilikuwa imelikumbatia bomba vizuri, juu ya rangi ya bluu inayong'aa. Kisha akatazama yale madirisha mawili yaliyokwanguliwa. Akapitisha ukucha ukingoni, pale chuma kinapoishia na rangi inapoanza. Ukucha ulipanda ngazi. Akainama karibu. Kwenye ukingo ule rangi zilikuwa zimelaliana: bluu, chini yake bluu nyingine, kijivu, nyeupe, bluu tena, nyekundu ya kutu, na nyingine ambazo hakuzitambua. Ishirini na kitu za ukaguzi wa mwenye kiwanda, unene wa sarafu.

"Fundi," alisema, "ulipima kabla ya kukwangua au baada?"

"Kabla. Mtu anapima kwanza, ndiyo ajue..." Futi ilibaki mkononi mwake. "Nilikwangua pale pa kuweka vibao tu. Mzunguko wote wa nini?"

"Kule kwenye chupa bomba limepakwa?"

"Kipande cha kule ni chuma kisichoshika kutu. Hakipakwi rangi." Sauti ilikuwa imepungua. "Afande, ni rangi tu. Milimita mbili hazifiki."

"Milimita mbili huku na milimita mbili kule. Zinaongeza lita ngapi?"

Fundi alichomoa simu, akapiga hesabu, akafuta, akapiga upya. Jasho lilimtoka ingawa walikuwa kivulini. "Upana ukikosea tatu katika mia," alisema, "lita zinakosea karibu kumi katika mia. Kosa linajizidisha, maana upana unaharibu na hesabu ya njia ya sauti. Nilishangaa hata nguvu ya sauti hapa ilikuwa ndogo kuliko kule. Nikasema ni joto la mafuta."

"Kwangua," Inspekta alisema.

Ilichukua dakika arobaini na vipande sita vya msasa. Pete nzima ya bomba ikawa wazi, kijivu, nyembamba kuliko ilivyotarajiwa. Fundi akapima chuma chenyewe, akaingiza tarakimu mpya, akasogeza vibao, akapaka jeli, akakaza. Koplo alikuwa chumba cha chupa na simu sikioni. Meneja alisimama kando, mikono mfukoni, hasemi tena habari za arobaini. Pampu ikawashwa kwa dakika kumi kamili, ikazimwa.

"Soma," Inspekta alisema kwenye simu.

"Lita mia saba na arobaini na mbili," Koplo alijibu.

Fundi alitazama kioo cha mashine ya tangini. "Mia saba na arobaini na nne," alisema, akakaa chini juu ya jiwe jeupe.

Kwa hiyo hakukuwa na mwizi. Hakukuwa na mshirika, wala mapipa kumi na tisa, wala tone lililopotea tangu siku ya kwanza. Inspekta alipaswa kufurahi, na kwa dakika moja alifurahi kweli. Halafu swali likamrudia akiwa garini, zito kuliko lilivyokuwa asubuhi. Kama hakuna kilichoibwa, yule mama alikiri nini?

Saa nane kasorobo Mama Tangi aliletwa ofisini. Inspekta alimvutia kiti chenye mto, akamweleza habari ya rangi taratibu, kwa kutumia kikombe na kitambaa. Mama Tangi alisikiliza mpaka mwisho.

"Hakuna aliyeiba?"

"Hakuna, mama."

"Kwa hiyo hata yeye hakuiba."

"Nani?" Inspekta aliuliza, ingawa hapo alikuwa amekwisha kujua, na moyo ukamwuma.

"Mdogo wangu." Machozi yalimtoka na hakuyafuta. "Mimi nilijua siibi. Kwangu yanatoka kamili, nimeyapima kwa kijiti changu; hesabu za chupa sionyeshwi. Sasa yasipofika, nani yuko kule? Nikajilaumu, nikasema nimemlea vibaya. Mama yetu alipofariki alikuwa na miaka sita, mimi ndiye nimemwogesha, nimempeleka shule, nimemtafutia kazi hapo. Ana watoto watatu. Mimi nina magoti haya tu. Nikasema bora niende mimi." Akacheka huku analia. "Mtoto wa watu, kumbe hana kosa. Mungu anisamehe."

Inspekta alimshika mkono. Alikuwa na furaha ya mama yule mbele yake na karatasi ya pili ya jalada, ile ya Chupa, chini ya kiwiko chake.

Koplo aliingia na fomu ya kuachiwa. Utaratibu ulitaka anayeachiwa aonyeshwe kila karatasi iliyomhusu na kutia sahihi pembeni kwamba ameiona. Inspekta angeweza kuichomoa ile moja. Kidole kilishika ukingo wake kabisa. Lakini jalada si lake la kuchagua cha kuonyesha, alijiambia, na wakati anajiambia hivyo Koplo alikuwa amekwisha kulisogeza jalada lote upande wa pili wa meza.

Mlango ukafunguliwa. Chupa aliingia na kofia mkononi, anahema kwa kupanda ngazi mbio, uso umejaa furaha ya kweli.

"Dada," alisema. "Nimesikia. Nilijua tu. Hata hawa niliwaambia, dada yangu hawezi."

Mama Tangi alimtazama kwa mapenzi matupu, akampapasa shavu, kisha akarudi kwenye karatasi, maana alikuwa mtu wa kumaliza kazi. Akatia sahihi ya kwanza. Akafungua ya pili. Alisoma kwa kidole, mstari kwa mstari, kama anavyosoma kijiti. Chupa aliendelea kuzungumza juu ya kichwa chake, kwamba watoto wamemuulizia shangazi yao, kwamba gari la kukodi linasubiri nje. Kidole kilifika chini, kwenye jina na sahihi, kikakaa hapo. Chupa alitazama kilipokaa, na maneno yakamwishia.

Mama Tangi alitia sahihi pembeni. Akatia ya tatu. Akafunga jalada, akalirudisha kwa Koplo kwa mikono miwili.

"Dada," Chupa alisema kwa sauti ya chini, "twende nyumbani. Wifi yako amepika."

"Tangulia."

"Dada, mimi nili..."

"Nimesema tangulia, mdogo wangu."

Alisimama kidogo, kofia ikizunguka mikononi. Kisha akatoka, wakasikia viatu vyake vikishuka ngazi, safari hii polepole. Mama Tangi alibaki amekaa, mkoba mapajani.

"Uko huru, mama," Inspekta alisema. "Unaweza kwenda."

"Najua, mwanangu," alisema Mama Tangi. "Acha kwanza afike mbali."